Mwaka Tulipoitazama Khartoum

Kaka yangu Abakari aliwahi matanga ya mama, mazishi hakuyawahi. Alitoka Lindi kwa basi, akavuka Ruvuma, akapanda pikipiki upande huu wetu wa Msumbiji, na alipoingia uani hapa Palma mama alikwishazikwa tangu juzi yake. Hakulia mbele za watu. Alipeana mikono na wazee mmoja mmoja, akanawa, akala wali wa msiba pamoja na wanaume. Watu walipopungua akaja jikoni, akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza kwa miaka yote ya kuzungumza kwenye simu. "Ancha, ule mwaka wa Khartoum, mama alijua tangu lini?" Nilimwambia alijua tangu mwanzo. Akatikisa kichwa. Mpaka siku hiyo alikuwa akiamini kwamba tulimficha mama hadi mwezi wa Julai, kwamba kabla ya hapo alimdhania yuko bwenini na vitabu vyake vya kilimo, maana kila alipompigia, mama hakutaja neno. "Hakutaja kwenye simu," nikamwambia, "kwa kuwa hakuiamini simu." Basi nikamsimulia, sufuria za msiba zikiwa bado hazijaoshwa, na niliyomsimulia ndiyo haya.

Mwaka ule tulikuwa tukimsaidia shangazi Muasiti kwenye hoteli yake karibu na soko, mama kwenye moto na mimi kwenye meza. Kilikuwa chumba kirefu chenye kuta za udongo na paa la bati, chenye harufu ya matapa, kisamvu cha kwetu, na samaki wa kukaanga, na mwisho wake palikuwa na televisheni juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma ambacho shangazi alikikunja kila asubuhi kama anayefungua duka. Ungo wa juu ya bati ulinasa stesheni za Tanzania na za Uarabuni, na kwa ajili hiyo chumba kilikuwa na watu hata saa ambazo chakula hakijaiva: madereva wa chapa, daladala za kwetu, wafanyabiashara wa vitenge kutoka Mtwara, vijana waliongoja kuitwa kazini kwenye mradi wa gesi, na wanawake wa kisimani na wa sokoni waliotazamia mlangoni. Wanajeshi nao walikula pale. Mashambulizi vijijini yalikuwa yamekwisha kuanza, na mjini tulikuwa tumejifunza namna mpya ya kuongea. Neno "wale" lilitosha, na hakuna aliyeuliza wale gani. Kijana aliyewahi kusoma nchi za Kiarabu, awe alisoma dini au alisoma kutengeneza redio, alitajwa kwa sauti ya chini, halafu ghafla hakutajwa tena, na mama yake ukimkuta kisimani hujui useme nini. Ndiyo maana mama alitangaza mapema kwamba Abakari wake yuko Nampula, humuhumu nchini. Alilisema mara nyingi hata akawa anajibu salamu nalo. "Mama Abakari, hujambo?" "Sijambo, na Abakari naye hajambo, yuko Nampula anasoma."

Khartoum iliingia chumbani mwetu mwezi wa Desemba, kwa habari ya mkate. Mtangazaji wa Kiswahili alisema watu wa miji fulani ya Sudan wameingia barabarani kwa sababu mkate umepanda bei, na dereva mmoja akacheka, mdomo umejaa. "Mkate tu? Watu wanapigwa risasi kwa mkate?" Mfanyabiashara wa vitenge aliyekaa naye akamwambia, "Wewe unakula sasa hivi, ndiyo maana unacheka." Nilikuwa nimebeba sahani za watu na sikuthubutu kugeuka kutazama kioo. Nikamtazama mama. Alikuwa ameinama anapuliza moto, na aliendelea kupuliza moto ambao ulikuwa umekwisha kuwaka. Kuanzia siku hiyo tuliishi hivyo. Wengine waliangalia Sudan kama wanavyoangalia mpira, wakabishana, wakamtabiria yule rais aliyetawala miaka thelathini kwamba ataanguka au haanguki, na sisi wawili tuliangalia kwa masikio, migongo imeelekea ukutani, tukitafuta katika kelele za maelfu ya watu sauti ya mtu mmoja.

Maana Abakari, aliyekuwa akisoma Khartoum, alikuwa mle. Mwanzo alikana, akasema anapita tu akitoka darasani. Baadaye zikaanza kuja video kwenye simu yangu, kila mtandao wa kwao ulipofunguliwa kidogo: umati, moshi, kijana anayekimbia na kopo la gesi ya kutoa machozi amelishika kwa shati, wasichana wa chuoni kwake wakipiga makofi na kuimba, na katika moja yeye mwenyewe, amekonda, bendera imepakwa shavuni, anacheka kama siku ya Idi. Chini yake aliniandikia, "Zitunze. Hapa wakiikamata simu yako wanafuta kila kitu, halafu wanasema hakuna aliyekufa." Nilimwonyesha mama nyuma ya choo, kanga imetufunika vichwa vyote viwili. Aliitazama mara moja, akanirudishia simu. "Futa." Nikamwambia kaka kasema zitunzwe. "Kaka yako hakai hapa. Hapa wanapekua simu za watu barabarani, na wakiona bendera na Kiarabu hawataulizia habari za mkate. Futa, Ancha." Sikufuta. Nilijiambia nitafuta kesho, na kesho ikaja video nyingine, ya mwanafunzi aliyelala kwenye meza ya darasa na vitabu vimeloa damu, na hiyo ndiyo kabisa sikuweza, kwa sababu nilihisi nikiibonyeza atakuwa amekufa kwa mkono wangu.

Usiku mmoja wa Februari mama aliniambia nimpigie. Alimwamuru arudi. Kwa kuwa hakuiamini simu, alimwamuru kwa mafumbo: shamba limeota magugu, aje alime. Nilidhani Abakari ameelewa. Akajibu, "Mama, huku nako tunalima. Siwezi kuwaachia wenzangu jembe." "Shamba hilo si la baba yako." "Najua, mama. Lakini nimekula kwao." Mama akasema, "Basi ukilima, usikae mbele." Nilipomsimulia haya, Abakari aliinamisha uso. Alikumbuka jembe na magugu, lakini siku zote alidhani mafumbo yalikuwa yake peke yake, na mama alizungumza juu ya shamba.

Mwezi wa Aprili watu wa Khartoum walikwenda kukaa mbele ya makao makuu ya jeshi, wakagoma kuondoka. Hilo la kukaa liliwashangaza sana watu wa hotelini. Kuandamana walikujua, na kukimbia walikujua. Lakini kukaa chini, kutandika mikeka mbele ya bunduki, kupika, kusali, kunyonyesha watoto palepale? Kioo kilionyesha wanawake kila mahali, wamejifunga mashuka yao marefu, mikono juu, na shangazi Muasiti alisimama na mwiko ukichuruzika. "Hao wana waume kweli?" akauliza. Mama akajibu kutoka motoni, bila kugeuka, "Wana watoto." Siku jeshi lilipotangaza kwamba rais ameondolewa, chumba kilipasuka. Dereva yuleyule wa mkate alipiga meza, mtu akapaza takbiri, na papo hapo kila mmoja akamkumbuka mwanajeshi aliyekuwa anakula kwenye kona, kijana wa kusini asiyejua Kiswahili, naye alikuwa anatutazama akiwa ameshika kijiko. "O que foi?" akauliza. Nini kimetokea? Mfanyabiashara wa vitenge akamjibu kwa Kireno chake cha sokoni, "Futebol, chefe." Mpira, mkuu. Mwanajeshi akatazama kioo, akaona vifaru na watu wanalia kwa furaha, akarudi kwenye wali wake. Nilikwenda uani kumtafuta mama. Nilimkuta nyuma ya ua wa makuti, ameuma kanga, anapiga vigelegele ndani ya kitambaa, mwili mzima unatikisika na sauti haitoki.

Tulidhani yamekwisha. Siku hizi, nchi ile ikiwa imesambaratishwa na vita vingine, na sisi wenyewe tukiwa tumekimbia Palma na kuirudia, naona tulivyokuwa wageni wa mambo haya. Aliyeondoka alikuwa mtu mmoja. Waliobaki na bunduki walibaki nazo, na wale waliokaa wakaendelea kukaa, kwa sababu walikuwa wamejifunza kwa gharama kubwa kutoamini tangazo. Mwishoni mwa mwezi huo kimbunga kikapiga pwani yetu upande wa kusini, kikalaza vijiji kuanzia Mucojo, na watu wakaanza kupanda kuja Palma na vitu walivyoweza kubeba kichwani. Halafu Ramadhani ikaingia. Mchana shangazi aliwapikia watu wa mradi na wanajeshi wasiofunga, nyuma ya pazia, na sisi wengine tulikaa upande huu na televisheni, midomo imekauka.

Siku ya mwisho ya mwezi, mama alikuwa anachambua mchele wa Idi mlangoni. Kioo kilikuwa kinaonyesha asubuhi ya Khartoum, mvua, na mahema yanaungua. Mtangazaji alisema wenye silaha wameingia kwa waliokaa, kwamba kuna waliouawa, kwamba kuna waliotupwa mtoni, na kwamba mtandao wa nchi nzima umezimwa. Nilishika simu yangu kama vile ingeweza kunijibu. Mama aliweka ungo wa mchele chini, taratibu, asimwage hata punje. Akasimama, akaingia hadi katikati ya chumba, mahali ambapo hakuwahi kusimama kwa miezi yote ile, akanyoosha kidole kwenye kioo.

"Mwanangu yuko mle," akasema. "Abakari hayuko Nampula. Hajawahi kukanyaga Nampula. Mwanangu yuko Khartoum, na wamemuua au hawajamuua, sijui, na mimi nimechoka kunyamaza."

Nyuma ya pazia kijiko kilisimama. Sauti ya mwanajeshi ikauliza mama huyu anasema nini, na mtu, sikumbuki nani, akamwambia kwa Kireno kwamba mama ana homa, na mwanawe anaumwa. Shangazi Muasiti akazima televisheni. Alimshika mama mkono akampeleka uani, na mama alikwenda naye kama mtoto, kisha akarudi peke yake kuchukua ule mchele, akamaliza kuuchambua.

Idi ikapita bila mlio wa simu. Siku chache baadaye, asubuhi, watu wawili wasiovaa sare walikuja hotelini na gari lisilokuwa na namba. Walinitaja jina langu kamili na la baba yangu. Sikuwahi kujua nani alikwenda kusema, na sikutafuta, maana ningeishi na jibu hilo mtaa mmoja. Sikuwahi kujua pia walikuwa watu wa ofisi gani. Walinipeleka kwenye nyumba yenye lango la bati na uwanja wa mchanga, wakaniketisha kwenye chumba chenye meza, mafaili na picha ya rais ukutani. Aliyeniuliza alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani, mpole kwa sauti. Simu yangu ilikuwa mkononi mwake. Alizitazama video zote, moja baada ya nyingine, sauti imefunguliwa, na mimi nikakaa nazisikia katika chumba kile: makofi, nyimbo, risasi, msichana anayepiga kelele. Alipofika kwa Abakari akaigeuza simu kunielekea.

"Huyu ni nani?"

"Kaka yangu wa damu. Anasoma kilimo."

"Kilimo cha bendera?" Alisubiri nicheke. "Hawa wanataka nini?"

Kireno changu ni cha shule ya msingi na cha kuuza chakula. Nilijibu kwa maneno niliyokuwa nayo. "Wanataka rais aondoke."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati, bila haraka. Juu ya kichwa chake palikuwa na ile picha. "Na wewe, menina? Wewe binti unataka rais gani aondoke?"

Nimefikiri majibu mengi tangu siku hiyo, mengine ya kishujaa. Lakini niliogopa hata kukitazama kile kipande cha ukuta. Nikasema, "Mimi nataka kaka yangu arudi." Aliandika kitu, akaniambia kwamba mtu anayetunza vitu kama hivi lazima awe na sababu, na kwamba tuna muda wa kutosha wa kuitafuta. Wakanipeleka kwenye stoo ya nyuma.

Mle stoo palikuwa na mtu mmoja, mwanamume wa umri wa kuwa na watoto wakubwa, amekaa juu ya gunia, amejifunika koti. Jina lake Asumani, wa Mucojo. Alinisalimia kwa Kimwani, nikamjibu kwa Kiswahili, tukaelewana. Kimbunga kilikuwa kimechukua nyumba yake na kila kilichokuwa ndani, pamoja na bilhete, kitambulisho chake. Akaja Palma kutafuta kibarua cha kujenga, wakamsimamisha barabarani, hana karatasi. "Wameniuliza nani ananijua hapa," akasema. "Hakuna anayenijua." Alisema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayetaja anakotoka. Hakujua amekaa mle tangu lini, alianza kuhesabu akaacha. Aliniomba, nikitoka, nilitaje jina lake kwa mtu yeyote, na la mkewe, Fátima, aliyebaki Mucojo. Nilimwambia sijui kama nitatoka. "Utatoka," akasema. "Wewe una watu. Sikiliza."

Nilikuwa sijasikia. Kulikuwa na sauti upande wa lango, ya wanawake wengi, ya chini na ya pamoja, na nilihitaji muda kuitambua kwamba ni dua, ileile inayosomwa nyumbani kwetu mgonjwa akizidiwa. Baadaye shangazi alinieleza ilivyokuwa. Mama alikwenda na mkeka wake, akautandika mbele ya lango la bati, akakaa. Mlinzi akamwambia aondoke, mama akasema amekuja kumsubiri mtoto. Shangazi akafunga hoteli, jambo ambalo hakulifanya hata mvua za masika, akaja na mkeka wa pili. Kisha wakaja wa kisimani, wa sokoni, wa madrasa, wengine na unga mweupe wa msiro usoni, wengine na watoto mgongoni. Hakuna aliyewaita. Miezi ile yote walikuwa wamekaa mlangoni mwa hoteli ile wakitazama namna wanawake wa mbali wanavyokaa, na hakuna aliyejua kwamba wanajifunza. Hawakupiga kelele, hawakudai kitu. Kila afisa alipotoka kuwauliza wanataka nini, mama alimpa jibu lilelile: wamekuja kumsubiri mtoto.

Alasiri ikiwa imeingia, yule mwenye miwani alinirudishia simu. Ilikuwa tupu, video zote zimefutwa, hata ile ya kijana mezani. "Nenda," akasema, "uwaambie wale mama waende kupika." Lango lilifunguliwa kiasi cha kupita mtu mmoja. Jua lilinipiga machoni, na kabla sijaona uso wowote nilihisi mikono, mingi, inanigusa kichwani na mabegani kuhakikisha. Wanawake walikuwa wamekwisha kusimama, wanakunja mikeka, mmoja anacheka na kulia. Ningeweza kukaa kimya. Nilikuwa nimechoka, na lango lilikuwa bado wazi nyuma yangu. Nikamwambia mama, "Kuna mtu mwingine ndani. Asumani, wa Mucojo. Hana mtu hapa."

Mama alinitazama, akatazama lango. Nilimwona anawaza, sitasema hakuwaza. Mkeka wake ulikuwa kwapani, mtoto wake amempata, na mwingine hajui kama yu hai. Halafu akautandika tena. "Asumani wa Mucojo," akamwambia mlinzi, kwa sauti ya kusikika hadi ndani. "Naye tunamsubiri." Akakaa. Wengine waliondoka, walikuwa na futari za funga ya sita ya Shawwal na waume wa kuwapikia, lakini shangazi alikaa, na wa kisimani wawili, na mimi nikakaa. Kesho yake tulirudi. Siku iliyofuata, kabla ya adhuhuri, lango likafunguliwa, akatoka Asumani na koti lake begani. Alitupita kwa mwendo wa haraka, hakuinua macho, hakusema neno, akaingia kwenye chapa ya kwanza inayoelekea kusini. Shangazi alichukia. "Hata asante!" Mama alikuwa anapukuta mchanga kwenye mkeka. "Mwache," akasema. "Mguu wake ndio kwanza umefunguliwa."

Simu ya Abakari ililia mwezi wa Julai, mtandao wa kwao uliporudi. Nilipoona jina lake kwenye kioo nilishindwa kupokea, nikampa mama, naye hajui kubonyeza, tukaipokea kwa vidole viwili kwa pamoja. Alikuwa hai. Alikuwa amejificha kwa watu, mkono umevunjika, umeungwa vibaya. Alisema mwishoni mwa Juni watu wametoka tena barabarani, wengi kuliko mwanzo, licha ya yaliyowapata. Nilisubiri mama amwamuru arudi. Nilisubiri magugu na jembe. Badala yake aliuliza, kwa maneno ya wazi, kwenye simu aliyokuwa haiamini, "Wenzako uliokaa nao, wamekufa?" Abakari akajibu, "Wengine, mama." "Nitajie majina."

Akayataja, moja moja. Yalikuwa majina ya kwao, marefu, yenye baba na babu ndani yake, na ulimi wa mama haukuyazoea. Kila moja alilirudia, Abakari akamsahihisha, akalirudia tena mpaka likakaa sawa, ndipo akasema, "Haya, mwingine." Alipomaliza la mwisho aliiweka simu juu ya mkeka ikiwa bado wazi, akainua mikono, akawaombea wote kwa majina yao, na kule Khartoum mwanawe akawa anaitikia amina.